Vifaranga wa Kware Wanaodonoana: Sababu Zake na Dawa Yake



Katika ploti zetu za Marungu mahindi hayana ahadi. Mwaka mmoja mvua za vuli hunyesha vizuri, tukavuna. Mwaka wa pili hukatika kabla mahindi hayajabeba, au ndovu wa Tsavo huja usiku wakamaliza kilichobaki. Ndiyo maana wakulima wengi wa skimu hutafuta mfugo mdogo wa kuwasaidia nyumbani, usiotaka malisho mapana wala maji mengi. Kware ni mmoja wa mifugo hiyo. Hula kidogo, hukaa mahali padogo, na jike lake huanza kutaga akiwa na umri wa wiki sita hadi nane, ilhali kuku wa kienyeji hungoja miezi sita hivi.

Lakini faida ya kware hupotea au hupatikana katika siku kumi za kwanza. Mkulima huweka vifaranga 60 kijumbani jioni, wote wazima. Siku ya tatu hukuta mmoja vidole vinatoka damu. Siku ya nne hukuta wawili wamekufa, na mmoja ametobolewa nyuma. Wiki ikiisha wamebaki 45. Hapo wengi husema, "Hawa ni ndege wakorofi," wakaacha kazi hiyo na kuhesabu hasara ya fedha ambazo zingelipa karo au kununua mbegu.

Somo la mwezi huu ni juu ya jambo hilo. Tunataka kila msomaji ashike neno moja kubwa: kudonoana kwa vifaranga ni dalili kwamba ndani ya kijumba kuna kitu kimezidi au kimepungua. Ukimwondoa ndege mkorofi bila kuondoa sababu, kesho mwingine atashika kazi yake. Basi kwanza tafuta sababu, halafu ndipo ushughulike na ndege.

KWARE TUNAYEMFUGA NI NDEGE GANI

Kware wa kufugwa ana asili ya Japani na nchi za jirani yake. Wengine humwita kwale, na vitabu vya zamani humwita tombo. Yeye si sawa na kware wa porini tunaowaona katika nyasi za huku baada ya mvua. Wale wa porini wamelindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, wala hairuhusiwi kuwatega.

Hata kware wa kufugwa ana mambo yake ya serikali. Wakenya wengi wanakumbuka mwaka 2013, wakati mayai ya kware yalipopanda bei kupita kiasi na watu wakakimbilia kununua vifaranga. Wakati huo mfugaji alitakiwa kuwa na kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS. Mwaka 2014 bei ikaanguka, na wengi waliokuwa na mamia ya ndege wakabaki nao bila mnunuzi. Kwa hiyo kabla hujanunua hata kifaranga mmoja, pita katika ofisi ya KWS pale Voi uulize sharti lililopo sasa, kisha utafute mnunuzi wako. Tena anza na wachache. Mkulima anayeanza na 50 hujifunza kwa hasara ndogo.

Kifaranga wa kware huanguliwa baada ya siku 17 au 18. Uzito wake ni gramu 7 au 8 tu, na mwili wake si mkubwa kupita kidole gumba cha mtu. Hukua upesi mno: katika siku tano hivi uzito wake huwa karibu mara mbili. Ngozi yake ni nyembamba, na tone moja la damu kwake si kitu kidogo. Kumbuka mambo haya matatu, yaani udogo, upesi wa kukua na wembamba wa ngozi, kwa kuwa maelezo yote yanayofuata yanatoka humo.

KWA NINI KIFARANGA HUDONOA

Kifaranga hana mikono. Mdomo ndio mkono wake. Akitaka kujua kitu ni nini, hukidonoa. Siku ya kwanza hudonoa punje ya chakula, hudonoa kinyesi, hudonoa msumari unaong'aa, hudonoa jicho na vidole vya mwenzake. Huko ni kutafuta, wala si ugomvi. Kwake kidole cha mwenzake ni kama mdudu anayetambaa. Akidonoa mara moja akaacha, hakuna neno.

Taabu huanza pale anapodonoa akapata kitu. Kidole kikitoka damu, rangi nyekundu huwaita wengine. Wakishaonja, hawaachi. Wala hawana chuki na mwenzao; wamepata kitu chenye rangi na chumvi, nao wanarudi palepale kama wangerudi penye chakula.

Kuna na kuonea kwa kweli, lakini huko huja baadaye. Mwaka 1921 mtaalamu wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alitoa maandishi juu ya kuku aliowachunguza tangu utoto wake. Alionyesha kwamba katika kundi la kuku kuna ngazi: wa kwanza huwadonoa wote, wa pili huwadonoa wote isipokuwa wa kwanza, na hivyo mpaka wa mwisho, ambaye hudonolewa na kila mmoja. Kware nao huonyesha ukubwa wao kwa kudonoana, hasa madume wanapofika wiki ya tano na ya sita. Lakini kifaranga wa siku tatu hajawa na ngazi ya namna hiyo. Ukimwona anadonoa wenzake mpaka damu, usimhesabu kuwa ni mtawala. Uangalie kijumba.

MAMBO SITA YA KUCHUNGUZA

Yachunguze kwa taratibu tuliyoiandika hapa, kuanzia la kwanza. Usiruke.

1. Joto

Hili ndilo la kwanza kwa sababu huku kwetu ndilo hukosewa zaidi. Kifaranga wa kware huhitaji joto la nyuzi 35 mpaka 37 katika wiki ya kwanza. Wiki ya pili yatosha 32. Wiki ya tatu 29, na ya nne 26. Baada ya hapo ana manyoya ya kutosha.

Sasa fikiri juu ya hali ya hewa ya Marungu. Mwezi wa Februari na Machi joto la mchana hupita nyuzi 30 hata kivulini, na chini ya mabati hupanda zaidi. Mkulima aliyewasha jiko usiku akaliacha mpaka saa sita ya mchana huwa anawachoma vifaranga wake. Vifaranga waliopata joto jingi huhangaika, hukosa usingizi, na hudonoana. Lakini usiku wa mwezi wa Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 20, na hapo bila moto watarundikana na kukanyagana mpaka wafe.

Kipimajoto kikiwepo, kiweke sawa na mgongo wa kifaranga, si juu ukutani. Kisipokuwepo, vifaranga wenyewe watakuambia:

Wakirundikana chini ya taa au kando ya jiko na kulia kwa sauti kali, wana baridi.
Wakikimbilia kando, mbawa zimeachana na midomo iko wazi, wana joto kupita kiasi.
Wakiegemea upande mmoja wote, kuna upepo unaoingia upande wa pili.
Wakitawanyika kila mahali, wengine wanakula na wengine wamelala, hali ni njema.

Watazame mara nne kwa siku: alfajiri, saa sita mchana, jioni, na kabla hujalala. Anayetumia jiko la makaa lazima aache dirisha au tundu la hewa juu ya ukuta. Moshi wa makaa usioonekana huua vifaranga, na huua watu pia. Usilale chumba kimoja na jiko hilo.

2. Mwanga

Siku mbili au tatu za kwanza vifaranga wahitaji mwanga wa kutosha ili waone chakula na maji. Baada ya hapo upunguze. Mwanga mkali huwafanya waone kila kidole, kila jicho na kila alama nyekundu. Kipimo chake ni rahisi: ukiweza kuona chakula ndani ya sahani bila shida, mwanga umetosha.

Chunguza mabati yako. Tundu la msumari wa zamani huangusha mshale wa jua chini, na vifaranga wakipita hapo vidole vyao hung'aa. Mara nyingi udonoaji huanzia mahali kama hapo. Ziba matundu hayo. Ukitumia taa ya kutia joto, taa nyekundu ni bora, kwa sababu chini yake damu haionekani vizuri. Lakini usiifunike taa nyeupe kwa kitambaa chekundu, maana itawaka moto na kuunguza nyumba.

3. Nafasi

Kipimo kizuri kwa wiki ya kwanza ni vifaranga 100 katika mita moja ya mraba, wasizidi. Kwa maneno mengine, kila kifaranga apate mraba wa sentimita 10 kwa 10. Wiki ya tatu wawe 50 tu katika nafasi hiyohiyo.

Tufanye hesabu. Una vifaranga 60. Wiki ya kwanza wahitaji mahali penye urefu wa mita 1 na upana wa sentimita 60. Wiki ya tatu, 60 haohao wahitaji mita 1 kwa mita 1 na sentimita 20, yaani mara mbili. Wengi hutengeneza kijumba cha wiki ya kwanza wakasahau kwamba ndege hukua na kijumba hakikui. Afadhali ujenge kikubwa tangu mwanzo, ukitenge kwa ubao, na kuusogeza ubao huo kila siku tatu.

Tena uondoe pembe. Katika pembe ndipo kifaranga mnyonge hubanwa na kudonolewa, na ndipo wanaporundikana usiku. Chukua katoni ngumu, uizungushe duara yenye kimo cha sentimita 45. Katika duara anayefukuzwa hupata njia ya kukimbia. Ukitumia wavu wa waya, matundu yake yawe madogo kuliko sentimita moja, kwa kuwa kifaranga wa siku ya kwanza hupenya mahali usipodhani.

Sakafu nayo iwe ya kukwaruza kidogo. Siku tatu za kwanza tandika gunia safi la katani au kitambaa kikuukuu. Karatasi laini ya gazeti huwatelezesha, miguu ikaachana, na kifaranga asiyeweza kusimama hudonolewa kabla ya wote. Maranda ya mbao uyatie baada ya hapo, wakishajua chakula ni kipi.

4. Chakula

Kifaranga mwenye njaa hudonoa. Lakini kuna njaa ya namna mbili. Ya kwanza ni kukosa chakula. Ya pili ni kula mpaka kushiba na bado mwili unataka protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Hii ya pili ndiyo huwadanganya wakulima, maana sahani imejaa na vifaranga bado wanatafuna manyoya ya wenzao.

Kifaranga wa kware huhitaji chakula chenye protini ya asilimia 24 au zaidi. Mashi ya vifaranga wa kuku tunayonunua huwa na asilimia 18 mpaka 20 hivi. Soma karatasi iliyoshonwa kwenye gunia. Basi inabidi kuongeza. Omena mkavu asiyetiwa chumvi, anayeuzwa sokoni, ana protini ya karibu asilimia 55. Hesabu yake ni hii:

Mashi kilo 5 yenye protini asilimia 19: 5 mara 19 ni 95.
Omena kilo 1 yenye asilimia 55: 1 mara 55 ni 55.
Jumla 150. Gawanya kwa kilo 6. Jibu ni 25.

Kwa hiyo vikombe havitoshi kupimia. Tumia mizani: kilo tano za mashi kwa kilo moja ya omena. Mpepete omena mchanga utoke, mtwange, umchekeche, kisha uchanganye. Mashi yenyewe nayo itwangwe tena au ichekechwe, kwa kuwa mdomo wa kware ni mdogo na punje kubwa ataiacha. Asiye na omena siku mbili za kwanza aweza kuponda yai lililochemshwa kabisa na kuwapa kidogo asubuhi na jioni. Lakini mabaki yaondolewe baada ya saa moja, maana huoza upesi katika joto letu. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua, wakaushe, uwatwange, uwaweke akiba.

Siku ya kwanza nyunyiza chakula juu ya gunia lenyewe, ili wanapodonoa chini wakutane na chakula kabla hawajakutana na vidole. Kuanzia siku ya pili tumia visahani vya kina kifupi. Kwa vifaranga 60 weka visahani visivyopungua vitatu, mbalimbali. Kisahani kikiwa kimoja, wenye nguvu hukizunguka na wanyonge hubaki nyuma, wakizidi kudhoofika kila siku.

5. Maji

Kifaranga aliyekauka koo huwa mkali. Tena maji machache yakiwa mahali pamoja huleta msukumano. Weka vyombo viwili au vitatu, mbali na moto. Kwa kuwa kware mdogo huzama hata katika maji ya kina cha kidole, tia vijiwe vilivyooshwa ndani ya kifuniko cha chupa pana au kisahani, vifaranga wanywe katikati ya vijiwe. Badilisha maji asubuhi na jioni, na wakati wa joto kali badilisha mchana pia. Tunajua maji ya Marungu yana taabu yake, lakini vifaranga 60 wa wiki ya kwanza hawamalizi hata lita moja kwa siku. Usiwanyime.

6. Umri na ukubwa

Usichanganye vifaranga walioanguliwa kwa siku zilizoachana zaidi ya mbili. Kama tulivyosema, katika siku tano kifaranga huwa na uzito wa karibu mara mbili. Kumtia wa siku moja kati ya wa siku sita ni kumtia mtoto wa kunyonya kati ya watoto wa shule. Kila kundi lipate duara lake.

Aliyetoka katika yai akiwa bado maji, mwache ndani ya mashine mpaka akauke na kitovu kifunge. Anaweza kukaa humo hata siku nzima bila kula, kwa sababu bado anatumia akiba ya kiini cha yai. Ukimtoa mapema, kitovu chake chekundu kitadonolewa, na hapo huwa haponi.

IKIWA DAMU IMESHATOKA

Usingoje jioni. Fanya hivi, kwa taratibu hii:

Kwanza, mtoe aliyeumizwa, umweke katika katoni ndogo yenye joto, maji na chakula chake.

Pili, safisha jeraha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Mkaushe kwa kitambaa safi. Usipake mafuta ya taa wala mafuta ya gari. Ngozi yake ni nyembamba na dawa hizo huingia mwilini. Jeraha likiwa kubwa, muulize afisa wa mifugo.

Tatu, tazama kama kuna maiti au damu juu ya gunia. Ondoa yote. Kifaranga aliyekufa akiachwa humo huwafundisha wengine kula nyama.

Nne, punguza mwanga, kisha pitia yale mambo sita tangu la kwanza. Hakika utakuta moja au mawili yamekosewa.

Tano, wape kazi. Funga fungu dogo la mchicha kwa kamba, ulining'inize sawa na vichwa vyao. Kuanzia wiki ya pili weka kisahani cha udongo wetu mwekundu uliokauka na kuchekechwa, ili wauogee. Ndege anayeoga vumbi na kunyofoa mchicha hana wakati wa kuwafuata wenzake.

Aliyeumizwa asirudishwe kundini mpaka jeraha lifunge na rangi nyekundu ipotee kabisa. Siku moja kabla ya kumrudisha, mweke ndani ya kundi akiwa ametengwa kwa kipande cha wavu, waonane bila kugusana. Halafu mwachilie jioni, wakati mwanga ni hafifu, pamoja na wenzake wawili. Anayerudi peke yake mchana kweupe hupokewa kama mgeni.

MKOROFI MMOJA

Ikiwa umeyarekebisha mambo yote sita na bado kuna ndege mmoja anayewafuata wenzake, basi huyo ndiye wa kuondolewa, wala si yule anayeonewa. Kaa kimya kando ya kijumba kwa robo saa umtambue, maana kwa haraka utamtoa asiye na kosa. Mweke alama kwa uzi hafifu mguuni, uzi wa rangi ya udongo, si mwekundu; na ukumbuke kuulegeza kila baada ya siku mbili, mguu usije ukakatwa unapokua.

Mtenge siku tatu au nne mahali anapoweza kuwasikia wengine. Akirudi atakuta wenzake wamekua na mahali pake pamekwisha chukuliwa, na mara nyingi hutulia. Akirudia, mlee peke yake kwa ajili ya nyama.

JE, MDOMO UKATWE?

Wakulima huuliza swali hili kila mara. Kwa kifaranga mchanga jibu ni hapana. Mdomo una mishipa ya fahamu na damu. Ukiukata kwa wembe, atashindwa kuokota punje, naye atakufa kwa njaa au kwa kutoka damu. Tena sababu ya kudonoana itabaki kijumbani vilevile. Wenye mashamba makubwa wanaofanya hivyo hutumia vyombo maalumu na mafundi. Sisi dawa yetu ni joto, mwanga, nafasi, chakula, maji na umri.

MAMBO YANAYOFANANA NA KUDONOANA

Si kila kifo kimetokana na kudonoana. Panya hukata kichwa au mguu na kuburuta maiti mpaka tundu la ukuta. Siafu huacha vifaranga wengi wamekufa usiku mmoja, na utawaona wenyewe wakipita; zungushia majivu na uvisimamishe vijumba juu ya miguu iliyo ndani ya makopo ya maji. Vifaranga wakifa bila kidonda, wakiwa wamejikunyata, manyoya yamesimama na kinyesi ni maji au kina damu, huo ni ugonjwa. Tenga wagonjwa, nawa mikono kwa sabuni, na uende upesi kwa afisa wa mifugo. Kupunguza mwanga hakuponyi ugonjwa.

ANDIKA DAFTARINI

Nunua daftari la shule. Kila siku andika tarehe, joto la asubuhi na la mchana, idadi ya waliokufa, idadi ya walioumizwa, na kitu ulichobadilisha. Mtoto anayejua kusoma aweza kuifanya kazi hii akirudi shuleni, naye atajifunza hesabu humo humo.

Tuchukue mfano. Daftari laonyesha: siku ya tano, joto la mchana nyuzi 41, walioumizwa watatu. Siku ya sita, jiko limetolewa saa mbili asubuhi, joto la mchana 36, aliyeumizwa mmoja. Siku ya saba, joto 35, hakuna. Mkulima huyo hana haja ya kuambiwa na mtu sababu ilikuwa nini. Na kundi la pili atakapolileta, hatalipa tena bei ya somo hilo.

MASWALI YA KUJIPIMA

Someni somo hili pamoja nyumbani au katika baraza la wakulima, kisha mjibu:

1. Kwa nini kifaranga wa siku tatu anayedonoa hahesabiwi kuwa ni mtawala wa kundi?
2. Vifaranga wako wamekimbilia kando na midomo iko wazi. Utafanya nini?
3. Una vifaranga 80 wa siku ya kwanza. Nafasi yao iwe mita ngapi za mraba? Na wakifika wiki ya tatu?
4. Una kilo 10 za mashi yenye protini asilimia 19. Utaongeza kilo ngapi za omena ili upate asilimia 25?
5. Jirani yako ameweka vifaranga wa siku moja pamoja na wa wiki moja. Mweleze hatari iliyopo.
6. Kwa nini aliyeumizwa arudishwe jioni, na si mchana?
7. Umekuta vifaranga wanne wamekufa bila jeraha lolote. Utakwenda kwa nani?

Majibu ya hesabu: swali la 3, mita 0.8 za mraba, na baadaye 1.6. Swali la 4, kilo 2.

Kazi ya mwezi huu: aliye na vifaranga apitie yale mambo sita leo jioni, ayaandike, arekebishe moja lililo baya kuliko yote. Asiye na vifaranga, lakini anataka kuanza, ajenge kijumba kwanza na kukipima joto kwa siku tatu, usiku na mchana, kabla hajatoa fedha ya ndege.

Katika somo lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza jinsi ya kutenganisha madume na majike wakifika wiki ya tatu, wakati manyoya ya kifua yanapoonyesha rangi, na ni madume wangapi wabaki kwa majike wangapi ili ugomvi usianze upya.